Sura ya Nne: Mzigo Mzito Mpe Gurudumu

Robota la vitenge linalouzwa sokoni Kariakoo, Dar es Salaam, limevuka Bahari ya Hindi kwa meli, likashushwa bandarini kwa kreni, likaingia mjini kwa lori. Maelfu ya kilomita yote hayo yamekwenda kwa injini. Sasa zimebaki mita mia tatu, na lori haliwezi kusogea tena: mtaa umejaa wanunuzi, meza za wamachinga, bajaji na bodaboda. Mita hizo mia tatu ni za mtu. Mara nyingi ni kijana ambaye uzito wake haufiki kilo 70, ameshika mkokoteni wenye kilo 400. "Njia jamani, mzigo huo! Mama, pisha mzigo!" Watu wanajibana pembeni, mkokoteni unapita.

Anawezaje kuhamisha kitu kinachomzidi uzito karibu mara sita? Jibu liko katika vifaa ambavyo tumevizoea mpaka hatuvioni: gurudumu, wenzo, mteremko, kapi, kabari na parafujo. Heron wa Alexandria, mhandisi aliyeishi Misri karibu miaka 2,000 iliyopita, aliorodhesha vitano kati ya hivyo, na wataalamu waliokuja baadaye wakaongeza mteremko. Shuleni tunaviita mashine rahisi. Havina injini, havili mafuta, havihitaji umeme. Kariakoo nzima inaviegemea kuanzia alfajiri hadi usiku.

Sura hii inahusu kanuni moja inayoviunganisha vyote. Ukiielewa, utaona kwa nini mkokoteni mmoja hukokoteka na mwingine hukataa, na kwa nini ubao mrefu ni bora kuliko ubao mfupi. Utaona pia kwa nini mji unaojengwa bila kuifikiria kanuni hiyo huwatesa wanaoubebea mizigo.

Bei ya kazi haipungui

Katika fizikia, kazi ni nguvu mara umbali. Chukua gunia la kilo 60 linalotakiwa kupandishwa mita moja. Unaweza kulinyanyua moja kwa moja, na hapo misuli yako itabeba kilo 60 kwa mita moja. Unaweza pia kulipandisha juu ya ubao wenye urefu wa mita tatu. Tukiuweka msuguano kando kwa sasa, utasukuma kwa nguvu inayotosha kushika kilo 20 tu, lakini utasukuma kwa mita tatu. Zidisha: 60 mara 1 ni 60, na 20 mara 3 ni 60. Kazi ni ileile.

Galileo Galilei alilieleza jambo hili Italia mwishoni mwa karne ya 16. Mafundi wengi wa wakati wake waliamini kwamba mashine huidanganya asili, ikatoa nguvu ambayo haikuwekwa. Yeye akaonyesha kwamba kila kinacholipwa pungufu kwa nguvu hulipwa zaidi kwa umbali na muda. Kwa hiyo mashine rahisi haifuti kazi. Inatupa uchaguzi wa namna ya kuilipa: kwa nguvu nyingi na njia fupi, au kwa nguvu kidogo na njia ndefu. Na kwa kuwa mwili wa binadamu una kikomo cha nguvu, uchaguzi huo ndio unaotenganisha kazi inayowezekana na kazi inayovunja mgongo.

Wapagazi waliotangulia

Hakuna mahali Tanzania panapofaa zaidi kulizungumzia jambo hili kuliko Kariakoo, kwa sababu historia yake ilianza na watu waliobeba mizigo bila gurudumu. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, eneo hili likawa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, na jina la kikosi hicho likabaki kuwa jina la mtaa mpaka leo.

Vita vile, Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, vilipiganwa Afrika Mashariki kwa vichwa na mabega. Farasi na ng'ombe walikufa kwa ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Malori machache yaliyokuwepo yalizama kwenye tope la masika. Chakula, risasi na hema vikabebwa na watu, kila mmoja akiwa na mzigo wa kilo 25 hivi, siku nenda siku rudi. Upande wa Waingereza pekee uliandikisha wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja, wengi wakichukuliwa kwa nguvu, na makumi ya maelfu yao walikufa, zaidi kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa katikati ya Dar es Salaam mwaka 1927 iliwekwa kuwakumbuka na wao, ingawa wapita njia wengi humwona pale askari na bunduki yake tu.

Kabla ya vita hivyo, kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu ilitembea kutoka Tabora hadi Bagamoyo, zaidi ya kilomita 700. Mzigo wa kawaida wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Wanyamwezi walisifika kwa kazi hiyo kiasi kwamba mpaka leo tunasema "mzigo mzito mpe Mnyamwezi". Ni sifa ya kweli kwa watu hodari. Lakini ndani ya sifa hiyo kuna gharama ambayo mwili uliilipa.

Tuitazame gharama yenyewe. Kwa hesabu ya fizikia, mtu anayetembea tambarare na mzigo kichwani hafanyi kazi juu ya mzigo huo, kwa kuwa haupandishi wala kuushusha. Mbona basi anachoka? Kwa sababu msuli ulio hai huchoma chakula hata unaposhikilia tu. Shingo, mgongo na magoti hukaza muda wote ili mzigo usianguke, na kila hatua mwili hupanda na kushuka kidogo, ukiupandisha na kuushusha mzigo pamoja nao. Kata inayowekwa kichwani huutandaza uzito na kuuweka sawa juu ya uti wa mgongo. Inasaidia, lakini hakuna hata kilo moja inayoondoka.

Mzega wa wachota maji, ule mti wa begani wenye ndoo kila ncha, umekwenda hatua moja mbele, kwa sababu ni wenzo, na bega ni egemeo lake. Ndoo zikiwa sawa, bega hukaa katikati. Ndoo moja ikiwa na lita 20 na nyingine lita 15 kwenye mti wa sentimita 140, mchukuzi husogeza bega mpaka ndoo nzito iwe sentimita 60 kutoka begani na nyepesi iwe sentimita 80. Sasa 20 mara 60 ni 1,200, na 15 mara 80 ni 1,200: mti umetulia. Wachota maji walilijua hilo kwa bega kabla ya kulisoma ubaoni. Hata hivyo kilo 35 bado ziko juu ya mtu. Mzega husawazisha uzito bila kuupunguza, na kuuondoa mwilini kunahitaji kifaa kingine.

Mkokoteni unavyofanya kazi

Mkokoteni wa Dar es Salaam ni rahisi kuuelezea: jukwaa la mbao juu ya ekseli moja, magurudumu mawili yaliyotolewa kwenye gari, na mikono mirefu mbele iliyounganishwa kwa mti wa kushikia. Ndani ya umbo hilo zimo mashine mbili zinazofanya kazi pamoja.

Ya kwanza ni gurudumu. Likishakuwa chini ya mzigo, ardhi ndiyo inayobeba uzito, na binadamu anabaki na kazi ya kusukuma tu. Kwenye lami ngumu, tairi lililojaa upepo hupinga mwendo kwa sehemu mbili au tatu hivi kwa mia ya uzito uliopo juu yake. Kwa mzigo na mkokoteni vyenye jumla ya kilo 500, hiyo ni nguvu ya kushika kilo 10 hadi 15, ambayo mtu mzima anaweza kuitoa kwa saa kadhaa. Peleka mkokoteni huohuo kwenye mchanga laini, ambako upinzani unaweza kufika sehemu ishirini kwa mia au zaidi, na utahitaji nguvu ya kilo 100. Mkokoteni haujabadilika, na mvutaji ni yuleyule. Kilichobadilika ni barabara. Kila shimo linalozibwa Kariakoo ni nguvu anayorudishiwa mtu ambaye jina lake haliandikwi popote.

Mashine ya pili ni wenzo. Ekseli ni egemeo, jukwaa ni upande wa mzigo, na mikono ni upande wa mvutaji. Mpangaji stadi hatupi mizigo ovyo. Huweka vizito juu ya ekseli, kisha huongeza kidogo mbele au nyuma mpaka mikono itulie. Tuseme mzigo wa kilo 400 umepangwa na kitovu cha uzito wake kiko sentimita 10 mbele ya ekseli, na mvutaji ameshika mita mbili kutoka kwenye ekseli. Mikononi mwake zitatua kilo 20 tu. Kitovu hicho kikisogea mbele hadi sentimita 40, mikono yake itabeba kilo 80. Kikirudi nyuma ya ekseli kwa kiasi hichohicho, mikono itapaa na mvutaji ataning'inia. Hivyo mikokoteni miwili yenye mzigo sawa inaweza kuwa kazi mbili tofauti kabisa kwa sababu ya mpangilio peke yake.

Kwenye mteremko, wenzo huohuo hugeuka kuwa breki: mvutaji huinua mikono, mkia wa jukwaa unagusa chini, na kipande cha tairi kuukuu kilichopigiliwa mkiani kinakwaruza lami mpaka mwendo upungue.

Ukubwa wa gurudumu nao una maana yake. Ukingo wa barabara wenye kimo cha sentimita 5 ni kitu kidogo kwa mtembea kwa miguu. Kwa gurudumu lenye nusu kipenyo cha sentimita 30, kuupanda kwa msukumo wa mlalo kunahitaji nguvu inayolingana na theluthi mbili ya uzito lililoubeba. Kwa gurudumu dogo la toroli lenye nusu kipenyo cha sentimita 10, nguvu hiyo hupita mara moja na nusu ya uzito wenyewe. Ndiyo maana mkokoteni unatumia magurudumu ya gari, na ndiyo maana mvutaji mzoefu huuendea ukingo kwa mshazari, gurudumu moja lipande kwanza na jingine lifuate. Ameigawa kazi moja isiyowezekana kuwa mbili zinazowezekana.

Toroli lina faida yake mahali pembamba. Gurudumu liko mwisho mmoja, mikono mwisho mwingine, mzigo katikati. Mzigo ukiwa sentimita 40 kutoka kwenye gurudumu na mikono sentimita 120, mtu hubeba theluthi moja tu: kwa kilo 90, hushika kilo 30. Fundi ujenzi anayejaza zege mbele kabisa, karibu na gurudumu, anaifuata kanuni hiyo hata kama hajawahi kuandika hesabu yake.

Mteremko na pipa la mafuta

Jengo la soko la Kariakoo, lililobuniwa na msanifu majengo Mtanzania Beda Amuli na kujengwa katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970, linajulikana kwa paa lake la miamvuli ya zege. Wanaolifahamu kwa kazi wanalijua zaidi kwa shimoni, ghala lililo chini ya ardhi, ambako magari yenye mazao yalishuka kwa mteremko hadi kwenye vizimba vya jumla. Moto wa tarehe 10 Julai 2021 uliliunguza jengo hilo, na baadaye likakarabatiwa. Wazo la mteremko lilikuwa la busara. Kitu chochote chenye gurudumu kinaweza kuutumia, na gunia halihitaji kubebwa kwa ngazi kwenda chini wala juu.

Mteremko mkubwa zaidi unaojulikana na madereva wa malori yanayotoka Kariakoo kwenda Iringa na Mbeya ni barabara ya Mlima Kitonga. Barabara ile haikupandishwa moja kwa moja. Imezungushwa kona baada ya kona, njia ikawa ndefu ili mwinuko uwe mpole na injini imudu. Ni kanuni ileile ya ubao na gunia, ila imechongwa kwenye mlima.

Somo bora la mteremko linapatikana nyuma ya lori, pale pipa la mafuta linapopakiwa. Pipa la lita 200 lililojaa huwa na uzito wa kilo 180 hadi 200. Tuchukue 180. Watu wawili wakilinyanyua hadi kwenye bodi ya lori, mita 1.2 kutoka chini, kila mmoja hubeba kilo 90, na mmoja akiteleza pipa linaweza kuponda mguu. Sasa egemeza mbao mbili zenye urefu wa mita 3.6 kutoka chini hadi bodini na livingirishe pipa juu yake. Njia ni mara tatu ya kimo, kwa hiyo nguvu inashuka hadi theluthi moja: kilo 60.

Kisha funga ncha moja ya kamba juu ya lori, ipitishe chini ya pipa, irudishe juu kwa wapakiaji waliosimama bodini. Pipa limegeuka kuwa kapi linalotembea. Kamba inavutwa mita mbili kwa kila mita moja ya pipa, na nguvu inakatika nusu tena: kilo 30, yaani kilo 15 kwa kila mtu. Mbao mbili na kamba moja zimeishusha kazi kutoka kilo 90 hadi kilo 15 kwa mtu mmoja. Mwenye mali yoyote anayepakia mapipa bila mbao na kamba anatumia miili ya watu pale ambapo mti ungetosha.

Kamba, kapi na jahazi

Watu wa Pwani wamelijua kapi kwa karne nyingi kupitia jahazi. Foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, ni mzito na unatakiwa kufika juu ya mlingoti. Mabaharia huupandisha kwa henza, kamba nene, na kwenye henza hufungwa gofia ambamo jarari hupita. Wakivuta jarari, kamba nyingi inapita mikononi mwao na foromali inapanda taratibu. Wanavuta umbali mrefu, wanapata nguvu kubwa. Mfumo huo ulikuwa ukifanya kazi katika bandari zetu muda mrefu kabla kreni ya kwanza haijafika.

Kuna tofauti ambayo inafaa kila fundi wa ghorofa aijue. Kapi lililofungwa juu, lisilosogea, halipunguzi nguvu hata kidogo. Ndoo ya kilo 20 inahitaji mvuto wa kilo 20. Faida yake ni mwelekeo: unavuta kwenda chini, uzito wa mwili wako unakusaidia, na umesimama ardhini salama. Lakini mtu wa kilo 60 hawezi kupandisha kilo 80 kwa kapi hilo. Atakayepaa ni yeye. Kapi linalosafiri pamoja na mzigo ndilo linaloukata uzito nusu, kwa kuwa mzigo unaning'inia kwenye nyuzi mbili za kamba na wewe umeshika mmoja tu. Unganisha yote mawili na utapata nafuu ya nguvu na ya mwelekeo kwa pamoja.

Majengo ya Kariakoo yameota juu katika miongo hii miwili. Palipokuwa na nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita sasa pana ghorofa lenye maduka chini na stoo juu. Stoo hizo hujazwa na wachukuzi wanaopanda ngazi na maboksi kichwani au mgongoni, na kila safari mtu hupandisha uzito wa boksi pamoja na uzito wake mwenyewe. Mchukuzi wa kilo 65 anayepeleka boksi la kilo 35 ghorofa ya tatu amepandisha kilo 100 ili zifike kilo 35. Winchi ya mkono dirishani, yenye mpini wa sentimita 40 na mhimili wenye nusu kipenyo cha sentimita 10, ingempa nguvu mara nne na kuupandisha mzigo peke yake. Anayejenga ghorofa la biashara na kulinyima hata boriti moja ya kufungia kapi amefanya uamuzi ambao wengine watauhisi magotini kwa miaka.

Mashine za kibandani

Mashine rahisi haziishii kwenye mizigo mikubwa. Fundi gari wa mtaa wa Gerezani anapokutana na nati ya tairi la lori iliyogoma, huchomeka bomba kwenye mpini wa spana. Spana ya sentimita 20 ikirefushwa hadi mita moja, nguvu ya mkono wake huzidishwa mara tano. Mkono unazunguka njia ndefu, nati inasogea kidogo, na inalegea.

Jeki ya skrubu inaizidi spana. Mpini wa sentimita 25 ukizungushwa mara moja, mkono hutembea karibu sentimita 157, na gari hupanda nusu sentimita tu. Kwa hesabu tupu, nguvu imezidishwa mara mia tatu na zaidi. Msuguano kwenye parafujo unakula zaidi ya nusu ya faida hiyo, lakini msuguano huohuo ndio unaozuia gari lisishuke unapoachia mpini. Parafujo isiyo na msuguano ingemwangushia fundi gari kifuani. Kwenye beringi za mkokoteni msuguano ni hasara, na grisi kidogo huupunguza. Kwenye jeki, kabari ya mlango na breki ya mkokoteni, msuguano ni ulinzi.

Cherehani cha kukanyaga kinaichukua kanuni upande wa pili. Mguu una nguvu nyingi lakini hauendi haraka. Gurudumu kubwa la chini linauzungusha mkanda, mkanda unalizungusha gurudumu dogo la juu mara kadhaa kwa kila mzunguko mmoja, na sindano inapiga haraka kuliko mkono wowote. Fundi ametoa nguvu, amepata kasi. Mashine ya juisi ya miwa inafanya kinyume: gurudumu kubwa la mkono huzungusha jino dogo, jino dogo huzungusha kubwa, na vinu viwili vya chuma vinasaga muwa polepole kwa nguvu ambayo vidole havingeweza kuitoa. Mbuzi ya kukunia nazi ni safu ya kabari ndogo, na kiti chake kinautumia uzito wa mpishi kuishikilia isisogee.

Mizani ya sahani mbili ni wenzo uliopewa kazi ya haki. Mikono miwili sawa, egemeo katikati, jiwe upande mmoja na bidhaa upande wa pili. Haki hiyo inategemea egemeo kubaki mahali pake. Mkono mmoja ukiwa sentimita 20 na mwingine sentimita 19, mteja anaweza kupunjwa sehemu tano kwa mia bila jiwe kuguswa. Kwa sababu hiyo Wakala wa Vipimo hukagua mizani na kuipiga muhuri, na mnunuzi ana haki ya kuutafuta muhuri huo kabla ya kulipa.

Nafuu inakwenda kwa nani?

Sasa tufike kwenye swali ambalo vitabu vya fizikia huliacha. Mashine inapookoa nguvu, nguvu iliyookolewa inakwenda wapi? Kariakoo, mara nyingi inageuka kuwa mzigo mkubwa zaidi. Mkokoteni unaweza kubeba kilo 400 kwa nafuu, kwa hiyo unajazwa 600. Mvutaji hulipwa kwa safari, mwenye mali anataka safari chache, na nafuu yote inahamia kwenye faida ya mmoja huku mgongo ukibaki palepale ulipokuwa.

Lumbesa ni sura ya jambo hilohilo. Gunia linashonewa kilemba juu mpaka linapita kilo 100. Sheria yetu ya vipimo inakataza ufungashaji huo, na mjadala wake karibu wote umehusu mkulima anayepunjwa bei. Ni mjadala wa haki. Lakini yupo mtu wa pili anayeumizwa na lumbesa, naye ni mchukuzi anayeitia begani. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza kwamba mzigo wa kubebwa na mwanamume mzima mmoja usizidi kilo 55. Hata gunia halali la kilo 100 linakaribia mara mbili ya kiwango hicho. Gunia la kilo 50 lingefaa kwa mkulima, kwa mizani na kwa uti wa mgongo.

Mengine hayahitaji sheria mpya. Vituo vya mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016, vimejengwa na njia za mteremko, na mteremko unaomsaidia mtu wa kiti cha magurudumu humsaidia pia mama mwenye toroli la ndizi. Kingo za barabara zikishushwa kwenye makutano, mkokoteni hautahitaji watu watatu kuupandisha. Mitaro ikifunikwa, magurudumu hayatanasa. Na mji ukiupa mkokoteni njia yake na saa zake, badala ya kuuhesabu kuwa kero ya kufukuzwa, utakuwa umekubali ukweli kwamba biashara ya Kariakoo isingefika dukani bila huo.

Kwa hiyo, msomaji, kama unajenga duka, acha mteremko kwenye kizingiti kabla zege halijakauka, na weka boriti ya kapi kwenye ghorofa. Kama unafungasha, funga kilo 50. Kama una lori, nunua mbao mbili ndefu na kamba imara. Na kama umemkodi mvuta mkokoteni, msaidie kupanga mzigo juu ya ekseli, usimjazie kupita kiasi, na mlipe kwa uzito alioubeba.